Jozi Moja ya Mabuti kwa Lami na Vumbi: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: mtu mwenye pikipiki moja, inayopita lami asubuhi na tope mchana, avae nini mguuni bila kumaliza akiba? Tumejibu kwa kirefu palipo na mengi, na kwa kifupi pasipo na mengi.

Habari za kazi. Ninafundisha vijijini huku Lushoto na ninatumia Honda XR150L. Kutoka Mombo kupanda ni lami yenye kona, kisha njia ya shuleni ni vumbi, mawe, na utelezi mvua ikinyesha. Siwezi kununua jozi mbili. Nichukue mabuti ya motokrosi au ya barabarani? — Mwalimu, Lushoto

Mwalimu, tafuta la katikati. Buti la motokrosi hukaribia goti, lina mabizimu manne na plastiki ngumu kila upande. Hakuna linalolinda kuliko hilo, ila limetengenezwa kwa mtu anayekimbia mbio kwa muda mfupi kisha analivua. Kushinda nalo darasani ni mateso. Soli yake aghalabu ni bapa, huteleza kwenye lami iliyolowa unapoweka mguu chini, na ugumu wake unakunyima kuihisi pedeli ya gia. La barabarani nalo lina shingo fupi na soli nyembamba. Simama nalo juu ya futiresti dakika ishirini kwenye mawe, utasikia unyayo unauma katikati. Na siku utakapokanyaga chini kwenye utelezi kifundo kikaenda upande, buti litakwenda nacho.

La katikati ni buti la safari: urefu wa sentimita 25 hadi 30, mabizimu mawili au matatu ama kamba zilizofunikwa, soli yenye meno, na kisigino kilichoshuka sentimita 2 au 3 chini ya unyayo ili kiinase futiresti mguu usiteleze kwenda mbele. Forma, TCX na Gaerne za Italia wanayatengeneza. Mapya ni ghali, kwa hiyo nenda sokoni ukitafuta sifa, si jina. Sifa hizo unazipima kwa mikono yako.

Anza na kulivuta. Livae, lifunge sawasawa, kaa kitini, kisha mtu akushike kisigino kwa mikono miwili avute kwa nguvu. Likichomoka, liache hapo hapo hata kama muuzaji anakupunguzia nusu ya bei. Ukianguka mguu unaburutwa, na buti lililotoka halilindi kitu. Ndiyo maana zipu peke yake haitoshi. Juu yake pawe na mkanda wa velkro au bizimu, kwa sababu zipu ikifumuka hakuna kingine kilichoshika.

Kisha libane soli kwa viganja, kushoto na kulia, pale unyayo unapokuwa mpana zaidi. Pikipiki yako ina zaidi ya kilo 120. Ikikulalia, uzito huo unaubana mguu kutoka ubavuni, na soli isiyojikunja upande ndiyo inayoiokoa mifupa ya unyayo. Soli ikikunjika kwa nguvu ya mikono tu, itakunjika pia chini ya pikipiki.

Lishike ncha na kisigino ulinyonge kama unayekamua nguo. Linyumbulike kidogo tu. Halafu lipinde: linatakiwa kupinda mbele, vidole vinapoanzia. Likijikunja katikati, ndani ya soli hamna kipande cha chuma, na hicho ndicho kinachokufanya uweze kusimama juu ya futiresti bila maumivu.

Mwisho bonyeza kwa dole gumba mahali kifundo kinapokaa, pande zote mbili. Mabuti mengi ya bei ya chini yana kikombe kigumu upande wa nje tu, na upande wa ndani ni sponji na ngozi. Huo wa ndani ndio unaogonga injini na fremu kwenye makorongo, kwa hiyo usikubali uwe mtupu.

Kama pesa haifiki huko, ushauri wetu ni huu: nunua buti la ngozi halisi la kufunga kwa kamba, lenye urefu usiopungua sentimita 20, uongeze vikinga goko vya pikipiki vinavyoanzia gotini hadi juu ya kifundo. Vyote viwili kwa pamoja ni afadhali mara nyingi kuliko buti la motokrosi bandia ambalo plastiki yake imegundishwa tu juu ya leksini, yaani ngozi bandia. Vile vya mpira wa miguu havifai, ni vifupi na havigusi goti.

Mimi ni bodaboda Morogoro, naendesha Boxer BM150. Navaa buti la kazini lenye chuma mbele, sefti. Wenzangu wananiambia gari likinikanyaga kile chuma kitakata vidole. Ni kweli? Pia nikivaa buti hili gia zinanisumbua. — Kaka wa kijiwe

Kaka, chuma hicho hakina kosa. Buti la kazini lenye alama ya EN ISO 20345 limepimwa ncha yake kwa pigo la nguvu ya jouli 200, kisha kwa mgandamizo wa kilonyutoni 15, sawa na uzito wa tani moja na nusu. Kinachoweza kukikunja chuma hicho kingevisaga vidole vilivyo ndani ya raba. Endelea kulivaa.

Upungufu wake uko juu ya ncha. Sefti nyingi ni fupi, zinaishia kwenye kifundo au juu yake kidogo, na pembeni mwa kifundo ni laini. Kama utanunua jingine, tafuta la shingo ndefu lenye herufi S3: hilo lina pia tabaka ndani ya soli la kuzuia msumari, na ngozi yake haipitishi maji haraka.

Sasa gia. Boxer yako ina pedeli ya pande mbili, kidole mbele na kisigino nyuma, kwa hiyo huna haja ya kuchomeka ncha ya buti chini ya pedeli kila unapobadili. Tumia kisigino na buti nene litaacha kukusumbua. Wengi hukimbilia kuipandisha pedeli, na kwenye pedeli ya pande mbili mbele ikipanda nyuma inashuka, mwisho kisigino kinakosa nafasi ya kukanyagia. Iache ilivyo.

Kwa wenye pedeli ya upande mmoja, kama Honda XR au Yamaha DT 125, kuipandisha ndilo jibu. Angalia kwanza kama pedeli imeshikwa moja kwa moja kwenye shafti. Kama ndivyo, fungua bolti yake, mara nyingi kwa spana namba 10, uitoe kabisa, kwa sababu hupita kwenye mfereji wa shafti na pedeli haitachomoka ikiwa bado imo. Weka alama kwa rangi kwenye meno ya shafti, chomoa pedeli, ipandishe jino moja, rudisha, kaza. Jino moja linatosha kwa buti la kawaida. Vaa buti, keti, na hakikisha ncha inaingia chini ya pedeli bila kuinua goti.

Breki ya mguu ifuate, na hapa mafundi wengi wa mtaani huacha kazi nusu. Ukiwa na soli nene, pedeli ya breki iliyowekwa kwa ajili ya ndala inakuwa juu mno: mguu unaiegemea bila wewe kujua, breki inashika kidogo safari nzima, ngoma inapata moto na viatu vya breki vinaisha kabla ya wakati. Fuata mpangilio huu: weka kwanza urefu wa pedeli kwa bolti yake ya kuizuia, kisha rekebisha nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki kwenye gurudumu la nyuma mpaka pedeli iwe na nafasi ya milimita 20 hadi 30 kabla ya kuanza kushika, halafu rekebisha swichi ya taa ya breki iwake kabla tu ya breki kushika. Zungusha nati ya swichi, usizungushe swichi yenyewe, waya zake zitakatika. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, umekaza mno.

Jambo moja zaidi kuhusu kamba. Fundo liingizwe ndani ya kamba za juu, lisining'inie. Boda nyingi zimetolewa kifuniko cha cheni, na kamba ndefu ya mguu wa kushoto hunasa kwenye cheni, pedeli ya gia au futiresti. Unasimama kwenye foleni, unataka kuweka mguu chini, hautoki, pikipiki inalala na abiria wako juu yake.

Nimeona mabuti ya pikipiki ya mtumba Karume, yanaonekana mapya kabisa, soli haijalika hata kidogo. Bei ni nzuri mno. Nitajuaje kama si mtego? — Msomaji, Dar es Salaam

Soli ambayo haijalika ni sababu ya kuliangalia vizuri zaidi. Soli nyingi za mabuti ya Ulaya, au tabaka laini lililo juu ya soli, hutengenezwa kwa poliurethani. Povu hili ni jepesi na linafyonza mishtuko, lakini unyevu wa hewa hulivunja kutoka ndani polepole, hata kama buti halijavaliwa hata siku moja. Joto huharakisha. Buti linaweza kukaa miaka kwenye kabati la mtu huko Ujerumani, likaja kwa meli, likakaa kwenye joto la pwani, na kwa macho likawa jipya. Ukilivaa wiki ya kwanza, soli inabomoka vipande kama keki kavu, au inaachia yote kwa pamoja ukiwa barabarani.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutaja bei. Likunje buti kwa nguvu mara kumi, pale vidole vinapopindia, ukisikiliza. Tazama ubavuni mwa soli kama panatokea nyufa nyembamba kama nywele. Bonyeza ukucha kwenye tabaka laini kati ya soli na ngozi: likibaki na shimo, likinata kama gundi au likitoa unga, lirudishe. Nusa ndani pia, harufu ya ukungu ina maana lilikaa kwenye unyevu. Soli ya mpira tupu haina ugonjwa huu, na inapopatikana tunaipendelea hata kama ni nzito.

Ngozi ikague kwenye ukingo uliokatwa, juu ya shingo au kwenye ulimi. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi, na yenye unene wa milimita 2 hivi ndiyo unayoitaka. Leksini huonyesha kitambaa chini na plastiki juu, na ikiburutwa kwenye lami hupata moto ikayeyuka. Fungua na kufunga kila bizimu mara tatu, kwa sababu bizimu la plastiki lililokauka hukatika mkononi, na kupata jingine la aina ileile Karume, Memorial ya Moshi au Gikomba ya Nairobi ni bahati.

Mabuti ya jeshi ya mtumba ni chaguo zuri kwa mwenye pesa kidogo, mradi yawe ya ngozi yote. Yale yenye turubai ubavuni yamekusudiwa kutoa maji haraka. Kwenye tope yanafaa, kwenye lami turubai inapasuka upesi.

Masika yakianza huku Ifakara, kila dereva anavaa gambuti. Je, ni kosa? — Dereva, Ifakara

Kwa mwendo wa taratibu kwenye tope lililojaa, gambuti linazuia maji kuliko kitu kingine cha bei hiyo, na hatumlaumu anayelivaa. Ila ujue lisichofanya. Halishiki kifundo, huchomoka kirahisi mguu ukinasa kwenye tope, na likigusa bomba la moshi huyeyuka na kuganda hapo. Mkirudi kwenye lami, badilisheni. Linabebeka nyuma ya kiti.

Kama ukilazimika kuvaa gambuti siku nzima, chagua namba inayobana kidogo, vaa soksi nene ndefu, na funga mkanda wa velkro juu ya kifundo na mwingine chini ya goti. Suruali ya mvua ipite nje ya buti. Wengi huichomeka ndani, na mvua yote inayoshuka pajani inaishia kwenye kidole.

Na usidhani buti ghali lenye utando wa kuzuia maji litakusaidia kwenye mito. Maji yakiingia kwa juu, utando ule ule unayazuia yasitoke. Kwa mwenye kuvuka maji ya magotini, buti la ngozi la kawaida linalokauka ni bora.

Shikamooni. Mimi ni mhudumu wa afya, natembelea vijiji kwa Yamaha DT 125. Navaa namba 37 na kila buti nililoona sokoni linaanzia 41. Pia sifiki chini vizuri. — Dada, Songea

Marahaba dada. Usiongeze soksi tatu ndani ya 41. Mguu utaogelea, kisigino kitapanda, na lile jaribio la kuvuta litashindwa. Ulizia mabuti ya motokrosi ya vijana, maana namba zake hufika 37 na kupita, na kwa kawaida bei iko chini ya yale ya wakubwa. Shida yake moja ni upana wa shingo kwenye shavu la mguu, hivyo jaribu ukiwa umevaa suruali unayoendeshea. Lisipofunga bizimu la juu kabisa, hilo si lako.

Kuhusu kufika chini, soli ya sentimita 3 inakusaidia kuliko ya sentimita 1, na tofauti hiyo utaisikia papo hapo. Lakini usiongeze soli kwa fundi kupita hapo: buti linakuwa zito mbele na unashindwa kuihisi breki.

Nataka kuagiza mtandaoni. Namba zinanichanganya, na kila muuzaji anaandika CE. — Msomaji, Mombasa

Simama jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, juu ya karatasi iliyogusa ukuta. Kisigino kiguse ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi, upime kwa sentimita. Ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26.5 unatoa 28, na 28 mara 1.5 ni 42. Hiyo ndiyo namba ya Ulaya. Pima miguu yote miwili ufuate mkubwa. Muuzaji akitoa urefu wa soli ya ndani, uwe umezidi mguu wako kwa sentimita 1 hivi.

CE, alama ya jumla ya bidhaa za soko la Ulaya, pekee haisemi kitu. Alama unayoitafuta ni EN 13634, kiwango cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki, pamoja na mchoro mdogo wa mtu juu ya pikipiki na chini yake tarakimu nne, kila moja 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa shingo, ya pili ni ustahimilivu wa kuburutwa, ya tatu ni wa kukatwa, ya nne ni ugumu wa soli usiobanika ubavuni. Mbili ni bora kuliko moja. Kwa matumizi ya vumbi na lami tungetaka 2 ya kwanza na 2 ya mwisho hata kama za katikati ni moja. Zikifuatwa na IPA, kinga ya kifundo imepimwa. IPS ni ya goko, WR ni ya maji. Mwombe muuzaji picha ya lebo iliyoshonwa ndani ya ulimi au shingo. Akikutumia picha ya sanduku, omba tena.

Fundi viatu wangu anaweza kufanya nini kuliimarisha buti la kawaida? Na nilitunzeje? — Mzee msomaji, Iringa

Mzee wetu, anaweza mengi. La kwanza ni kushona soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni mzito hata kama gundi bado imeshika, kwani gundi ya viatu vya bei ya chini huachia kwenye joto la injini. La pili ni kiraka cha ngozi cha milimita 2, upana wa sentimita 5 na urefu wa 8, juu ya ncha ya kushoto pale pedeli ya gia inapokwaruza. Hapo ndipo kila buti hutoboka kwanza. Ashone kwenye ngozi ya nje tu, sindano isipite hadi bitana, vinginevyo maji yanaingia kwenye kila tundu.

La tatu ni kifundo. Akate vipande viwili vya plastiki ya milimita 3, avipashe moto avipinde vifuate mguu, na nyuma yake aweke sponji ya ndala ya milimita 10. Plastiki bila sponji hupeleka pigo lote kwenye mfupa. Haitakuwa sawa na kinga iliyopimwa maabara, ila mawe na fremu havitakuchubua tena. Soli ya tairi tunaikataa kwa pikipiki, hasa ya tairi lenye nyaya za chuma: haipindi vizuri, na ncha za nyaya hutokeza baada ya muda.

Kulitunza ni kazi ndogo ukiifanya mapema. Tope lioshwe kwa maji na brashi siku hiyo hiyo, likikaukia kwenye mishono linakula uzi. Usilisafishe kwa petroli, inalegeza gundi na kuharibu mpira. Lililolowa lijaze magazeti, ubadilishe kila baada ya saa chache, uliweke kivulini penye upepo. Ngozi iliyokaushwa kwa moto wa jikoni inakakamaa na kupasuka palepale vidole vinapopindia, na hapo hata fundi hodari hana la kufanya. Likikauka, paka nta ya nyuki iliyolainishwa, uisugue zaidi kwenye mishono. Soksi ndefu za mpira wa miguu ndizo bei nafuu zinazofaa, maana za pamba hushika jasho na kuchubua kisigino. Buti jipya la ngozi livae nyumbani saa moja kila jioni kwa wiki mbili kabla ya safari ndefu, na mabizimu yalegeze tundu moja siku za kwanza.